Steringi Hafi

Mlima ulikuwa umeanza kushuka juu ya mgongo wa Mbebamlima, na watazamaji mia nne wa jumba la sinema la Kihonda, Morogoro, walikuwa wakimpigia kelele asipige goti.

"Simama, mwana. Simama hivyo hivyo."

"Tulieni, huyo hafi. Steringi hafi."

"Na wewe nyamaza. Umelipa kutazama au kusimulia?"

Kila kelele iliingia kitini. Viti vya jumba lile viliitwa viti-hisi. Mkono wa kiti ulipima joto la kiganja, mgongo wake ulihesabu mapigo ya moyo, na kinasasauti kidogo kama punje ya mtama kilisikiliza kila mguno. Habari zote zilipanda hadi chumba cha kioo kilichokuwa juu ya ukumbi. Humo ndimo alimoketi Mhandisi Hobokela Mwakibinga, mbele ya mtambo aliouunda kwa miaka sita. Jina la mtambo lilikuwa Kinyonga.

Filamu iliyoendeshwa na Kinyonga haikuwa na sura moja. Ilibadilika huku ikitazamwa. Watu wakichoshwa na maongezi, maongezi yalikatwa palepale. Wakimpenda mchekeshaji, alitungiwa maneno mengine kabla hawajamaliza kucheka. Jioni ile mama mmoja wa safu ya tatu alisema kwa sauti, "Huyu adui kicheko chake ni cha mwenye nyumba wangu," safu nzima ikaangua kicheko, na Kinyonga akamrudisha adui mara mbili zaidi na kicheko kilekile. Mama yule hakujua kwamba ametunga filamu. Alijiona tu kuwa amependa.

Si wote waliopenda. Mbebamlima alikuwa shujaa wa vitabu vya katuni kabla hajawa wa filamu. Vitabu ishirini na viwili, ambavyo nusu ya vijana wa Morogoro walijifunzia kusoma. Wajuzi wa vitabu hawakosi la kulalamikia.

"Kwenye kitabu joho lake ni la gunia. Hapa wamemvalisha hariri kama bwana harusi."

"Wewe ulitaka wamvalishe gunia watu wamdhanie gunia la mkaa?"

"Nataka lile alilochorwa nalo."

Hobokela alicheka peke yake juu kule. Kinyonga alikwisha kulisikia neno hilo kwa watu kumi na saba, na katika onyesho lililofuata joho lilikuwa limechakazwa kidogo, likaning'inia nyuzi begani. Mjuzi akanyamaza.

Kisha likaja onyesho la mwisho. Wachimbaji thelathini na mmoja walipita mmoja mmoja chini ya mikono ya Mbebamlima, naye akiwahesabu kwa sauti inayozidi kupungua. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja. Halafu mlima ukakaa.

Ukumbi ukanyamaza.

Mbele ya Hobokela, kwenye ubao wa mtambo, mstari uliopima hamu ya watazamaji ulianguka mpaka chini kabisa, na maandishi yakatokea: UBARIDI. Kinyonga alisubiri sekunde saba. Katika sekunde ya nane jiwe likasogea upande wa magharibi wa mlima, mkono ukachomoza, na Mbebamlima akatoka na vumbi kwenye nywele, akitabasamu. Watu mia nne wakaruka vitini. Mtu alipiga mluzi mrefu, na yule msimulizi akageuka nyuma akiwa ameshinda kesi: "Niliwaambia nini?"

Hilo lilikuwa onyesho la majaribio, siku ya Jumatano. Uzinduzi ungefanyika Jumamosi, katika majumba sitini kwa wakati mmoja. Mlangoni watu walisimama mbele ya kinasamaoni, kijisanduku cha rangi ya chungwa, wakasema walichoona. Hobokela alikuwa akiyasikiliza maoni hayo aliposikia mlango wa chumba cha kioo ukifunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Gaudensia Mkude, mchoraji wa vitabu vile. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, vidole vina wino. Alikuwa ameketi ukumbini kama mtazamaji mwingine yeyote.

"Dada Hobokela, umemtoa," alisema.

"Watazamaji wamemtoa. Mimi nimewasikiliza tu."

"Kwenye kitabu cha ishirini na mbili hatoki."

"Najua. Nilikisoma. Nililia."

"Basi ulilia ukanyamaza, au ulilia ukipiga makofi?"

Gaudensia akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akaeleza kwa utaratibu kama mtu anayesoma barua.

Mbebamlima alikuwa kaka yake. Jina lake Severini Mkude, fundi wa handaki la treni chini ya milima ya Uluguru. Miaka minane iliyopita nguzo moja ya chuma iligoma kujifunga, mwamba ukaanza kulegea, na Severini akaishikilia kwa mabega mpaka wenzake thelathini na mmoja wakapita. Walisema alikuwa akiwahesabu. Baada ya hapo mlima ukakaa. Wachimbaji walijaribu wiki tatu upande wa mashariki, wakaacha. Upande wa magharibi haukuchimbwa kabisa, mwamba wake ulikuwa mbovu. Maiti haikupatikana.

"Mama yangu, Bi Perpetua, alitandika mkeka siku ile," Gaudensia alisema. "Mpaka leo uko palepale sebuleni. Ndugu wamekuja mara tatu kuanua tanga, amewarudisha. Anasema, 'Sikumwona. Sianui tanga la mtu nisiyemwona.' Miaka minane hajakalia kiti nyumbani kwake, hajavaa nguo ya rangi, hajaimba kanisani, na alikuwa mwimbaji. Mimi nilichora vitabu ishirini na viwili nikitafuta namna ya kumwonyesha. Akaniambia, 'Mchoro ni mkono wako, mwanangu. Mimi nataka uso wake.'"

Hobokela alikumbuka sasa. Mkataba wa filamu ulikuwa na kipengele alichokipitia haraka: familia imetoa sura na sauti ya marehemu, pamoja na picha zilizopigwa na kamera za handaki hadi dakika ya mwisho. Kinyonga aliunganisha hivyo vyote akamtengeneza Mbebamlima. Uso ule ulikuwa wa Severini, na sauti iliyohesabu ilikuwa yake.

"Mama alitoa sharti moja," Gaudensia aliendelea. "Aonyeshwe mpaka mwisho. Jumamosi ukoo mzima unakuja. Wakitoka hapa wanakwenda nyumbani, wanapika, tanga linaanuliwa. Wajomba wameshapanda treni kutoka Ifakara. Sasa wewe umpeleke mama yangu kwenye maziko, halafu maiti iamke icheke?"

"Nitarekebisha."

"Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani kinyonga alitumwa kwa watu alete habari kuwa hawatakufa. Akachelewa njiani, ndiyo maana tunakufa." Gaudensia alisimama. "Wako amefika."

Alipoondoka, Hobokela aliirudisha rekodi ya ukumbi kwenye zile sekunde saba. Mara hii hakutazama mistari wala namba. Alitazama watu. Mzee wa safu ya tano alikuwa amevua kofia. Yule mama aliyemtania adui alikuwa amejifunika kanga kichwani. Kijana wa pembeni alikuwa amemshika mkono mtu ambaye, kwa jinsi walivyotazamana baadaye kwa haya, hakumfahamu. Katika kinasasauti cha kiti namba mia moja na tisa, sauti ya mwanamume ilisema polepole, bila kumwambia mtu yeyote: "Poleni."

Mtambo wake ulikuwa umeyaandika hayo yote kuwa ubaridi.

Alielewa kosa lilitoka wapi, kwa sababu lilitoka kwake. Hobokela alikulia Tukuyu, katika kibanda cha video cha mjomba wake, aliyekuwa akishika kipaza sauti na kuzifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili papo kwa papo. Kibandani kelele ndiyo sifa. Filamu nzuri ni ile ambayo mjomba hasikiki. Ukumbi ukinyamaza, mjomba alijua picha imeshindwa, akaruka mbele au akatia mzaha. Hobokela alipomfundisha Kinyonga kuwasoma watu, alimlisha rekodi elfu nne za vibanda vile. Hakukuwa na hata moja ya msibani. Nani angenasa sauti msibani?

Alhamisi alikwenda kwa mtayarishaji wa filamu, Bwana Tambwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na haraka ina ukatili wake.

"Niruhusu nilifunge onyesho la kifo," Hobokela alimwomba. "Lisibadilike popote."

"Mhandisi, tumewatangazia watu filamu inayowasikiliza. Ukifunga hapa, kesho mwingine atataka ufunge kule. Halafu nionyeshe. Katika maoni ya jana, yuko mtu hata mmoja aliyesema shujaa afe?"

Hobokela aliyafungua maoni. Alitafuta la mzee wa kofia. Mzee alikuwa amesema mbele ya kinasamaoni, kwa sauti ya kukwama: "Wasimuue, jamani. Ana wema mwingi." Alitafuta la mama wa kanga: "Angekufa ningewashtaki." La mwenye kiti mia na tisa: "Mimi nilitaka atoke, basi." Waliolia na walionyamaza, wote walitaka kitu kimoja.

"Umeona?" Tambwe alisema. "Maoni ni maoni."

"Wanataka asife kwa sababu wanamlilia. Ndivyo mtu anavyolia. Ukimpa anachokililia, umemnyang'anya kilio."

"Sawa. Mfundishe mtambo wako hayo. Kama kimya ni heshima, ukijua utakiacha. Sina ugomvi na mtambo wenye akili."

Ufunguo wa kulifunga onyesho ulikuwa wa Hobokela mwenyewe. Angeweza kuugeuza bila kumuuliza mtu, akatafuta kazi nyingine Jumatatu. Hakuugeuza. Maneno ya Tambwe yalimkaa vizuri kuliko alivyopenda kukiri, maana naye aliamini hivyohivyo: mtambo ukielewa, utatenda haki. Mwenye kuunda chombo hupenda kijiokoe kwa akili yake chenyewe, asilazimike kukigongelea msumari.

Ijumaa nzima alimfundisha. Aliomba rekodi za misibani kwa watu waliokuwa tayari kumpa: kimya cha kabla ya jeneza kutoka, kimya cha baada ya udongo wa kwanza. Alimwonyesha Kinyonga namna mapigo ya moyo yanavyopungua bila mtu kuchoka. Kufikia alasiri mtambo uliweza kutofautisha kimya cha mwenye usingizi na kimya cha mfiwa mara tisini na nane katika mia. Kwenye ubao wa mistari lilitokea neno jipya: MSIBA. Hobokela alilitazama neno hilo kwa fahari, kama mwalimu anayemsikia mtoto akisoma sentensi yake ya kwanza.

Jumamosi saa nane mchana Bi Perpetua Mkude alifika Kihonda akiwa na ndugu kumi na wawili. Alikuwa mwanamke mfupi, amejitanda kaniki nyeusi, na mwendo wake haukutaka kusaidiwa. Hobokela alishuka kumlaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ni mimi, mama."

"Gaudensia ananiambia mmemtengeneza kwa picha za kulekule handakini."

"Ndiyo, mama."

"Basi ni yeye. Nitamwona mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama."

Bi Perpetua alimtazama kidogo, akaridhika, akamgeukia kaka yake aliyetoka Ifakara. "Umeacha nani kwenye sufuria?"

"Wifi yako."

"Ataunguza wali yule. Tusikae sana."

Ndugu wakacheka kwa sauti ndogo, kicheko cha watu waliosubiri miaka minane waruhusiwe kucheka. Wakaingia.

Filamu ilikwenda vizuri. Severini alipotokea mara ya kwanza, Bi Perpetua aliinua mkono kidogo, kama anayemsalimia mtu ng'ambo ya barabara, akaushusha. Watu walipiga kelele, walimtukana adui, walibishana kuhusu joho. Kisha handaki. Kisha hesabu. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja.

Mlima ukakaa.

Kimya kilipoingia, Hobokela alikuwa amesimama na viganja vyake viko kwenye kioo. Aligeuka kutazama ubao. MSIBA. Kinyonga alikuwa ameelewa. Chini, safu ya saba, Bi Perpetua alivuta kaniki ikamfunika uso, na kutoka ndani yake ikatoka sauti ambayo Gaudensia, aliyeketi pembeni yake, hakuwahi kuisikia kwa miaka minane. Ilianza chini sana, kama mtu anayetafuta ufunguo wa wimbo aliokuwa akiujua. Ndugu mmoja akamwekea mkono mgongoni. Mwingine akaanza kumwitikia.

Sekunde ya sita. Ya saba.

Hobokela alielewa nusu sekunde kabla. Mtambo ulikuwa umejua sasa kwamba watu hawa hawakuchoka. Walikuwa na huzuni kubwa. Ulijua huzuni hiyo inataka nini, kwa kuwa viti vyote mia nne vilisema jambo moja. Na kazi pekee aliyoupa mtambo, tangu siku ya kwanza, ilikuwa kuwapa watu wanachotaka. Hakuwahi kuufundisha kwamba yako matakwa ambayo mtu mwema huyasikia akayaacha. Aliurukia ufunguo wa kufunga onyesho, akaugeuza.

Mkono ulikuwa umekwisha kuchomoza.

Jiwe likaviringika, na Severini Mkude akatoka upande wa magharibi, vumbi kwenye nywele, akitabasamu. Hapo ndipo ufunguo ulipofanya kazi, na picha ikaganda juu ya uso wake. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Katikati ya shangwe ile kilio cha safu ya saba kilikatika. Bi Perpetua alifunua uso, akasimama, akatazama. Alitazama mpaka taa zikawashwa.

Hobokela na Gaudensia walifika nyumbani kwa Bi Perpetua, Kilakala, saa kumi na moja, jua bado lipo. Uani masufuria yalikuwa yameepuliwa, wali umefunikwa kwa majani, hakuna anayekula. Wajomba walisimama kwa makundi, wakizungumza kama watu waliofika harusini wakakuta bibi harusi amekataa.

"Ameturudisha tena," mmoja alimwambia Gaudensia. "Anataka majembe, tukachimbe."

Sebuleni mkeka haukuwepo sakafuni. Ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa kwenye kona. Bi Perpetua alikuwa ameketi kwenye kiti, mgongo umenyooka. Kiti cha pili kilikuwa kimefutwa vumbi na kuwekwa mkabala na mlango.

"Karibu, mwenye mashine."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinione mjinga. Najua picha ni picha. Lakini mlichukua picha za kulekule handakini, mkaniambia nitaona mpaka mwisho, nami nimeona. Ametokea magharibi. Upande huo hawakuchimba. Niliwauliza wakati ule kwa nini hawachimbi, wakaniambia mwamba mbovu. Sasa nimwamini nani?" Alinyoosha kidole, si kwa hasira. "Nakuuliza wewe. Mashine yako iache huko huko. Alitoka?"

Hobokela hakuhitaji kiti-hisi kujua mwanamke huyu anataka jibu gani. Kila kitu chumbani kilikuwa kimeelekea huko: kile kiti, ule mlango, ile shingo iliyoinuliwa. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kuusikia ukumbi na kuupa unachopenda. Mjomba wake angeruka mbele. Angetia mzaha.

"Hakutoka, mama," alisema. "Mkono ule niliutengeneza mimi. Kamera za handaki hazina mkono. Zina Severini anahesabu thelathini na moja, halafu mlima unakaa. Huo ndio mwisho. Hakuna kingine nilichoona."

"Mbona ulinionyesha kingine?"

"Kwa sababu watu walitaka."

"Na mimi nilitaka?"

Gaudensia alimshika Hobokela mkono ili asijibu. Hobokela alijibu.

"Kiti chako kilitaka kuliko viti vyote, mama."

Bi Perpetua alinyamaza. Uani mtu alidondosha kijiko, akakiokota. Hobokela alimtazama usoni, akagundua kwamba hakijui kimya kile ni cha nini, kama ni cha kuelewa, cha kumchukia, au cha mtu anayekwenda kuchukua jembe. Hapakuwa na ubao wa kumwandikia neno.

Hobokela alivua viatu. Alikwenda kwenye kona, akauchukua mkeka, akaukunjua taratibu mpaka ukafika miguuni pa kile kiti kilichofutwa vumbi. Akaketi chini, akamwachia Bi Perpetua nafasi pembeni yake, akangoja.